Mama Afya na Waume wa Kuazima

Asubuhi ukimtafuta Leonia nyumbani kwake Buzebazeba humpati. Nenda mwaloni Ujiji, mitumbwi inaposhusha samaki. Utamkuta amejifunga khanga kiunoni, anageuza dagaa juu ya kichanja kwa kiganja, huku mdomo wake ukifanya kazi nyingine kabisa.

"Wewe, mtoto kapata chanjo ya miezi tisa?"

"Bado, Mama Afya. Kesho."

"Kesho ya mwezi gani? Na wewe Bariki, nimekuona na kachumbari yako, punguza chumvi! Presha haina adabu."

Watu wanacheka, ila wanajibu. Wamemzoea. Mwaka wa kumi na moja huu Leonia ni mhudumu wa afya ya jamii, tena wa kujitolea, na jina alilobatizwa limebaki kwenye kitambulisho na midomoni mwa wachache. Wengine wote wanamwita Mama Afya.

Kazi hiyo hakuiingia kwa kupenda sare. Alikuwa na dada yake, Veneranda, aliyepata mimba ya kwanza wakati Leonia yuko darasa la sita. Mimba ilipofika miezi minane Veneranda alivimba uso, akalalamika kichwa, akasema anaona nyota mchana kweupe. Halafu akaanguka, akatupa mikono na miguu. Wakubwa wakasema ni mapepo. Wakamfukiza majani. Alizikwa na mtoto wake tumboni. Miaka ikapita, Leonia akaolewa, akazaa watatu, akachaguliwa kwenda mafunzo ya uhudumu wa afya, na siku ya tatu mwalimu akaandika ubaoni: *Kifafa cha mimba.* Chini yake akaorodhesha dalili. Uso kuvimba. Kichwa kuuma sana. Kuona nyota. Leonia alitoka nje ya darasa akashika ukuta. Kumbe ugonjwa ulikuwa na jina! Kumbe ulikuwa na sindano! Tangu siku hiyo mjamzito hapiti mbele yake bila kuangaliwa uso na miguu.

Basi ulipokuja mradi, Leonia aliupokea kwa mikono miwili. Mradi wenyewe una jina refu la Kiingereza ambalo hakuna anayelimaliza. Mwaloni watu husema tu "wale wa fulana za zambarau". Walikuja na semina, na mkuu wao wa semina, Bwana Oswald kutoka Dar es Salaam, alieleza kwamba wanataka kuingiza haki za binadamu na usawa wa kijinsia ndani ya huduma za afya. Mimba si mzigo wa mama peke yake, alisema. Baba ashiriki. Baba aje kliniki, asikie, apime, abebe nusu yake.

Leonia alipiga makofi mpaka viganja vikawasha. Akapewa kipaza sauti cha mkononi, akapita nacho Katubuka, akapita Ujiji kuanzia sokoni hadi mwaloni. "Baba! Msindikize mama! Mimba hakujipa mwenyewe!" Wavuvi walimtania, lakini baadhi walikwenda kweli. Mmoja alionekana amebeba mkoba wa mke wake begani, na habari hiyo ilizungumzwa wiki nzima.

Kisha mradi ukaanza kuuliza asilimia.

Kila mwezi zahanati ilitakiwa kusema ni wajawazito wangapi wamekuja na wenza wao katika hudhurio la kwanza. Zahanati iliyofanya vizuri ilisifiwa kikaoni, iliyofanya vibaya ikaulizwa kwa nini. Muuguzi mfawidhi, Sista Agnesi, si mtu mbaya. Ni mwanamke aliyechoka, mwenye wagonjwa wengi kuliko viti. Aliulizwa kwa nini mara mbili. Mara ya tatu alibandika karatasi mlangoni:

*MJAMZITO HUDHURIO LA KWANZA AJE NA MWENZA. JUMANNE YA KWANZA YA MWEZI TU. ASIYE NA MWENZA ALETE BARUA YA MWENYEKITI WA MTAA.*

Hebu sasa fikiria mji huu unakula nini. Unakula dagaa. Na dagaa wa ziwa hili huvuliwa wakati wa giza, mwezi usipowaka, kwa taa juu ya maji. Giza likiingia, wanaume huenda makambini huko kusini, na hawarudi mpaka mbalamwezi iwake na taa zao zishindwe kumdanganya samaki. Kwa hiyo mume mvuvi yuko nyumbani kwa kalenda ya angani, na kliniki inamtaka kwa kalenda ya ukutani. Kalenda hizo mbili hazijawahi kukaa kikao kimoja. Aliyeandika ile karatasi alizaliwa hapahapa, anajua giza ni nini, na bado aliandika.

Wanawake walifanya wanachofanya siku zote, yaani walitafuta njia. Na hapa lipo kosa la Leonia, ambalo mwenyewe halifichi. Jirani yake mmoja alirudishwa mlangoni akilia, mume yuko kambini. Leonia kwa huruma akamwita Bariki, mtoto wa kaka yake, fundi wa nyavu mwenye miaka thelathini na minne, ambaye goti lake bovu halimruhusu kwenda ziwani. "Msindikize tu," alimwambia. "Kaa naye kwenye benchi, uonekane mume."

Bariki alikaa. Mwezi uliofuata akaja mwanamke mwingine. Kisha mwingine. Ikawa Jumanne ya kwanza ya mwezi Bariki anaoga mapema, anavaa shati la kola, na mwaloni wanamwimbia, "Bwana harusi huyoo!"

Siku tatu kabla ya ugeni mkubwa wa mradi, Bariki alikuwa anashona wavu karibu na kichanja cha shangazi yake, akawa ananyonya kidole.

"Umejichoma?" Leonia akauliza.

"Hii? Hii ni ndoa, shangazi. Kila mke mpya, lazima nitobolewe. Mara saba sasa. Mara saba sina virusi! Kuna mwanaume msafi kuliko mimi Kigoma hii?"

Wanawake waliokuwa wanatandaza dagaa waliangua kicheko. Leonia hakucheka.

"Majibu wanaandika wapi, Bariki?"

"Kwenye kadi ya mke. 'Mwenza: hana maambukizi.' Mhuri, pwaa."

Leonia aliacha dagaa juani. Wanawake saba wana kadi zinazosema waume zao wako salama, na aliyepimwa ni fundi nyavu! Waume wenyewe wako kambini, wanaishi maisha ya kambini, na hakuna aliyewagusa hata kidole. Alikwenda zahanati akinuka samaki hivyohivyo, akamweleza Sista Agnesi kila kitu, na sehemu yake mwenyewe hakuiruka.

Sista Agnesi alifunga mlango. "Unadhani sikumwona, Leonia? Mtu mmoja na wake saba?"

"Sasa kwa nini uliandika?"

"Ningeandika nini? Nisipoandika, nashushwa. Nikiwarudisha, wanazalia nyumbani. Ngoja wageni wapite Jumanne. Baada ya hapo tutaangalia."

"Tutaangalia nini? Hawa ni watu."

"Baada ya wageni, dada. Nakuomba."

Na Leonia akanyamaza. Alinyamaza kwa sababu alikuwa amepangwa kusoma ushuhuda mbele ya wageni hao, na jina lake lilikuwa kwenye orodha ya wahudumu watakaopewa ajira ya kweli baada ya miaka kumi na moja ya kujitolea. Mtu akinyamaza kwa siku tatu si dhambi, alijiambia. Lakini usingizi wa siku hizo tatu haukuwa usingizi.

Jumanne ilifika. Turubai limefungwa, viti vya plastiki vimepangwa, ngoma imeletwa. Leonia alipoingia uani akamwona Recho kwenye benchi la nje, chini ya ile karatasi, peke yake.

Recho ana miaka kumi na tisa. Mume wake, Eliakimu, ni mvuvi. Mimba ilikuwa na miezi saba, na hii ilikuwa Jumanne yake ya nne. Mara tatu alirudishwa. Alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, Mzee Gasper, kuomba barua, na Mzee Gasper akakataa kwa uchungu wa kweli: "Binti yangu, barua hiyo inasema huna mume. Mimi nilikula ubwabwa wa harusi yako. Niseme uongo kwa mhuri wa serikali?" Recho mwenyewe alimkataa Bariki awe mume wa kuazima. Bariki ni rafiki wa Eliakimu, na Recho alisema hawezi kuandikwa mke wa rafiki wa mume wake kwenye kitabu cha serikali, iwe kwa utani au kwa kweli. Yaani binti huyu alikuwa na mume mno kwa barua, na hakuwa na mume wa kutosha kwa kliniki. Alibaki katikati, tumbo linakua.

"Mwakeye, mama," Recho alisalimu kwa Kiha bila kuinua kichwa.

"Mwakeye, mwanangu. Hebu nitazame."

Recho akanyanyua uso. Macho yalikuwa yamezama kwenye kope kama mtu aliyelia usiku kucha. Leonia akachuchumaa, akabonyeza muundi wa mguu kwa dole gumba. Kishimo kikabaki palepale, hakijai.

"Umelia?"

"Hapana, mama. Nimeamka hivi. Kichwa kinaniuma tangu juzi. Na naona vitu vinametameta, kama dagaa juani."

Leonia akainuka haraka. Akaingia ndani.

"Agnesi, yule binti wa nje apimwe presha sasa hivi."

Sista Agnesi alikuwa anapanga chupa za maji kwenye meza ya wageni. "Nimemwambia asubiri. Akiingia bila mwenza siku ya leo, mbele ya wageni, nitamwandika wapi?"

"Usimwandike! Mpime!"

"Wageni wameshashuka kwenye gari, Leonia. Nusu saa tu. Nenda kakae, wewe ndiye wa pili kuongea."

Gari lilikuwa kweli limeingia, jeupe, refu, lenye antena. Alishuka mama mmoja wa Kizungu mwenye miwani na mvi, na Bwana Oswald, na watu wawili wa kamera. Ngoma ikalia. Sista Agnesi akasoma taarifa: katika zahanati yetu, wajawazito asilimia tisini na sita huja na wenza wao. Makofi. Kisha, ili wageni wamwone baba wa mfano, akaitwa Bariki, akavalishwa fulana ya zambarau mbele ya kamera. Fulana ilimbana kifuani. Alitabasamu huku akimwangalia shangazi yake kwa jicho la mtu aliyepanda mti na hajui kushuka.

"Na sasa," akasema Bwana Oswald, "ushuhuda wa mhudumu wetu wa jamii."

Leonia akasimama na karatasi yake. Karatasi ilikuwa imeandikwa na mtu mwingine, na mstari wa kwanza ulisema: *Mimi ni shahidi wa mabadiliko.* Kutoka aliposimama aliliona benchi la nje. Recho alikuwa ameegemeza kichwa ukutani, amefumba macho. Karatasi akaikunja mara mbili, akaitia kwenye fundo la khanga.

"Bariki," akaita. "Simama."

Bariki akasimama.

"Una wake wangapi?"

Kicheko kikaanzia nyuma, kwa wanawake, kikaja mpaka mbele. Bariki akakuna shingo. "Shangazi..."

"Waambie wageni. Usiogope, kosa ni langu, mimi ndiye niliyekuoza wa kwanza."

"Kwa ukweli wa Mungu, sina hata mmoja," Bariki akasema. "Ila hapa kliniki ninao saba."

Mtu wa kamera alishusha kamera. Bwana Oswald akainama kwa mama wa Kizungu, akamtafsiria kitu kifupi huku akicheka kidogo, kama anayesimulia mzaha wa kijijini. Leonia akamwona.

"Kaka yangu, maneno yangu ni mengi kuliko hayo uliyompa."

"Mama, tufuate ratiba..."

"Oswald," mama wa Kizungu akasema, kwa Kiswahili cha polepole. "Nimeishi Mwanza miaka miwili. Ninasikia. Acha aseme."

Basi Leonia akasema. Sauti yake haikuhitaji kipaza sauti. "Mlikuja mkatuambia haki. Tukafurahi. Halafu mkatuuliza asilimia. Kila mwezi asilimia! Hamkuwahi kuuliza hata mara moja, ni nani aliyerudi nyumbani. Hiyo tisini na sita yenu ni ya waliopita mlangoni. Waliorudishwa hawamo kwenye kitabu, kwa hiyo hawapo duniani! Wanawake saba wana majibu ya damu ya Bariki kwenye kadi zao. Mkitoka hapa mtasema Kigoma kuna usawa. Usawa gani huu wa mwanamke kushindwa kupimwa mkojo wake mwenyewe mpaka alete mwanaume?"

"Sisi hatukusema iwe lazima," Bwana Oswald akasema haraka. "Mwongozo unasema *kuhamasisha*. Hapa walituelewa vibaya."

"Tuliwaelewa vizuri sana, kaka. Mliandika kuhamasisha, mkapima kulazimisha. Na aliyeubeba huo ulazima yuko pale nje." Akanyoosha mkono. "Yule binti anaitwa Recho. Ana mume, ninyi mnakula dagaa wake huko hotelini. Amekuja mara nne. Nilizika dada yangu kwa uso kama ule. Sitakaa chini, na ngoma haitapigwa, mpaka mtu ampime."

Hapakuwa na makofi. Kiti kikasukumwa. Alikuwa Sista Agnesi. Alipita mbele ya wageni wote bila kuomba radhi, akamshika Recho mkono, akamwingiza ndani, akamfunga kipimo. Leonia alikuwa bega kwa bega naye. Mshale wa kipimo ukashuka polepole. Agnesi akafungua, akapima tena, kana kwamba chombo kinaweza kujirekebisha.

"Mia moja na themanini kwa mia moja na ishirini," alisema. "Mawe, mama wee! Leonia. Tangu saa moja yuko pale nje."

"Mchome sindano. Tutaongea baadaye."

Agnesi akamchoma dawa ya kuzuia kifafa. Gari la wagonjwa lilikuwa limekwenda kijiji kingine, kwa hiyo Leonia alitoka nje moja kwa moja hadi kwenye lile gari jeupe na kumfungulia dereva mlango. Dereva akamtazama Bwana Oswald. Bwana Oswald akaanza kusema habari ya bima ya gari na abiria wasioruhusiwa, na mama wa Kizungu akamkatiza kwa neno moja la kwao ambalo halikuhitaji tafsiri. Recho akalazwa kiti cha nyuma, kichwa kwenye mapaja ya Leonia. Nje ya dirisha Leonia alimwona Agnesi anabandua karatasi mlangoni kwa kucha. Ilitoka vipande vipande. Hakufurahi. Karatasi hubandikwa tena. Wino si ghali. Alichungulia dirishani akapaza sauti, "Na wale saba! Waite leo hii, wapimwe upya na waume zao kwa wakati wao!" Agnesi akaitikia kwa kichwa, na kwa kweli alasiri ileile alianza kupiga simu.

Hospitalini daktari alikuwa mwanamke kijana, Daktari Rahabu. Alisoma kipimo, akaangalia mkojo, akavuta kiti akakaa ili macho yake yawe sawa na ya Recho.

"Recho, presha yako ni hatari. Mtoto akiendelea kukaa ndani, mnaweza kuondoka wote wawili. Nataka kukufanyia upasuaji nimtoe. Ni mdogo, sikuahidi kitu, ila nafasi ipo. Unakubali?"

Recho akageuza macho kwa Leonia.

"Usimtazame mama," daktari akasema kwa upole. "Nakuuliza wewe. Mwili ni wako."

"Mume wangu hayupo," Recho akanong'ona.

"Nimesikia. Sijamuuliza yeye."

Recho akatazama tumbo lake. Kisha akasema, "Nakubali," akaomba kalamu, akaandika jina lake kwa herufi kubwa za darasani, moja moja. Leonia alisimama pembeni amejaa hasira. Miezi saba! Karatasi mlangoni, mwenyekiti, kitabu, asilimia, wageni na ngoma, na katika watu wote hao, huyu ndiye wa kwanza kumuuliza Recho jambo linalomhusu Recho.

Mtoto alitoka saa tisa alasiri, wa kike, kilo moja na gramu mia sita. Aliwekwa kifuani kwa mama yake, ngozi kwa ngozi, kama kifaranga chini ya bawa. Presha ilishuka kidogo kidogo.

Kesho yake asubuhi simu ya Leonia ikaita. Bwana Oswald.

"Mama, hongera sana. Tumeguswa wote. Tunaandika ripoti, na tuna picha nzuri ya yule binti anapandishwa kwenye gari letu. Tungependa kuiweka ukurasa wa mbele. Inaonyesha mabadiliko. Wewe kama mwakilishi wa jamii, utaturuhusu? Na ile orodha ya ajira, tutaiangalia vizuri."

Leonia aliitoa simu sikioni akaitazama, kisha akairudisha. "Picha ni ya nani?"

"Ni yetu, mama. Tulipiga sisi."

"Uso ni wa nani?"

Leonia akamchungulia Recho kitandani.

"Subiri. Amelala. Akiamka nitamuuliza."

"Tuna muda mfupi, mama, ripoti inatakiwa leo..."

"Yeye alisubiri miezi mitatu," Leonia akasema, akakata.

Recho aliamka karibu saa nne, akanywa uji. Leonia akamweleza ombi lote kama lilivyokuja, na habari ya ajira yake mwenyewe hakuificha, maana alishanyamaza siku tatu na alijua zilivyotaka kugharimu. Recho alisikiliza huku kidole chake kikiwa kimeshikwa na kile kiganja kidogo.

"Kwenye hiyo picha nimevimba," akasema.

"Ndiyo."

"Nimelala kwenye gari lao."

"Ndiyo, mwanangu."

"Hapana," Recho akasema.

Leonia akapiga simu, akafikisha neno hilo moja bila kuongeza lingine.